Aliyebaki na Sura ya Zamani

Hadi alipofika umri wa kuanza kuzing'oa mvi moja moja mbele ya kioo, fundi huyu hakuwa amewahi kumwonea mtu wivu wa sura. Angemwonea nani? Mtu pekee ambaye watu walimlinganisha naye ni pacha wake, na pacha wake alikuwa na pua ileile, paji la uso lilelile, na hata pengo la jino la pembeni walilipata mwaka mmoja, kila mtu kwa ajali yake. Mtaani waliwaita Mkubwa na Mdogo, ingawa yeye, Mkubwa, alimtangulia mwenzake duniani kwa muda usiotosha hata kuchemsha chai.

Walikuwa mafundi makochi. Karakana yao ilikuwa na mlango mpana wa bati, na ndani kulikuwa na fremu za mbao zilizoegemezwa ukutani, marobota ya vitambaa, sponji zilizorundikwa mpaka zikagusa dari, na harufu ya gundi iliyokuwa imewaingia mpaka kwenye nyama. Mkubwa alipima, akakata na kushona. Mdogo alivua vitambaa vya zamani, akakaza springi na kupiga stepla. Wateja hawakujali wamemkuta nani. Walimwagiza huyu, wakaja kuchukua kwa yule, na haikuwahi kuleta neno.

Tofauti yao ilikuwa nyumbani. Mkubwa alikuwa na mke, mwalimu wa chekechea mwenye sauti ya kufika mtaa wa pili, na binti mmoja aliyekuwa anamalizia shule. Mdogo alikuwa mgane. Mkewe alifariki kwa ugonjwa wa figo, na tangu amzike aliziachia ndevu na nywele zijiotee zipendavyo. Mkubwa naye, kwa uvivu tu, aliziachia zake, basi wakaendelea kufanana. Kila jioni Mdogo alikula kwa kaka yake, akaosha sahani yake mwenyewe, akasema, "Ahsante, shemeji," kisha akarudi kulala kwenye kichumba cha nyuma ya karakana. Na cha ajabu ni kwamba yule aliyefiwa ndiye aliyekuwa mcheshi. Mkubwa, aliyejaliwa kila kitu, alitembea amekunja uso kama anayetafuta funguo.

Kila Jumapili alasiri, mama na binti walikaa mbele ya televisheni kuangalia kipindi kiitwacho Geuka Tukuone. Anachukuliwa mtu aliyechakaa, ananyolewa, anapakwa, anavalishwa, anafundishwa hata namna ya kuingia mlangoni. Mwisho anasimamishwa akiwa amekipa mgongo kioo kikubwa, na mwanamume mwenye pete kila kidole, ambaye kila mtu alimwita Mtaalamu, anapaza sauti: "Geuka tukuone!" Mtu anageuka, anajiona, analia. Hapo Mtaalamu anamshika mabega na kumwambia, "Huyu ndiye wewe. Yule wa mwanzo alikuwa mwizi, alikuibia sura yako."

Maneno hayo yaliingia ndani ya nyumba na kukaa. Mama na binti hawakumtazama tena mtu hivihivi. Jirani mnene alikuwa "anajificha ndani ya gauni." Mwalimu mkuu "amezimwa na rangi ya suti." Siku moja binti alimwambia baba yake, kwa upole kabisa, kwamba lile shati lake la kahawia lilikuwa linaongea kabla yeye hajafungua mdomo.

"Linasema nini?" Mkubwa akauliza.

"Linasema umechoka, baba."

"Basi linasema kweli," akajibu, akacheka peke yake. "Kwani mtu ni kochi?"

Alikuwa bado anacheka siku simu ilipopigwa. Binti alikuwa amemtumia Mtaalamu maombi kwa niaba ya baba mdogo, akisaidiwa na mama yake, na maombi yalikuwa yamekubaliwa. Nyumba nzima ikapiga kelele. Mdogo akashika kichwa kwa mikono miwili, akisema hawezi, hawezi kabisa, huku meno yote yako nje.

Mkubwa akasubiri kelele zitulie. Akauliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, "Mbona hamkutuma maombi yangu?"

"Wewe?" mkewe akasema. "Wewe una nini cha kuhurumiwa?"

Wakacheka wote, na yeye akacheka. Lakini chai yake aliiacha ipoe kikombeni.

Mdogo aliondoka, akakaa huko zaidi ya wiki. Mkubwa akafanya kazi ya watu wawili huku akijisemea kwamba mchezo wa kitoto utaisha na mambo yatarudi yalivyokuwa. Ndipo asubuhi moja akaingia karakana mtu amevaa koti la rangi ya samli, ndevu zimechongwa zikafuata taya, nywele zimekatwa chini pembeni na kuachwa kidogo juu, usoni miwani ya fremu nyeusi isiyo na nguvu yoyote. Pengo la jino lilikuwa limezibwa. Mkubwa akataka kumkaribisha mteja, na kabla hajafungua mdomo, mteja akacheka kile kicheko cha Mdogo.

"Vipi, kaka? Umenisahau?"

Hakuwa amemsahau. Alichokiona ilikuwa sura yake mwenyewe, pua yake, paji lake, imetoka kwenda kutembea bila yeye na kurudi ikiwa imependeza.

Jumapili kipindi kilipoonyeshwa, sebule ya Mkubwa ilifurika. Alikuwepo kinyozi wa mtaani, mama mwenye duka, fundi cherehani na watoto wake, wengine wamesimama dirishani. Mdogo aliketishwa kwenye kochi la katikati kama bwana harusi. Mkubwa akajipatia nafasi kwenye mkono wa kochi, karibu na mlango.

Mambo yakaenda vizuri mpaka Mtaalamu aliposema, "Sasa mwoneni alikotoka," na kioo cha televisheni kikajaa picha moja kubwa. Mwanamume amekaa kwenye kigoda, ndevu zimemrukia mpaka masikioni, macho yamezama, midomo imeshuka. Mtaalamu akaigonga kwa kidole chenye pete. "Mtazameni mtu huyu. Huyu amejikatia tamaa. Hajipendi. Ukiishi na mtu kama huyu, hata ukuta unachoka."

Watu wakaguna kwa huruma. Mkubwa akainuka taratibu. Mtu wa kwenye picha alikuwa amevaa shati la kahawia, na mfukoni palikuwa na doa la gundi lenye umbo la kiatu.

"Shati hilo ni langu!" akasema.

"Shati si la kugombania leo," mama mwenye duka akamwambia. "Si mlikuwa mnaazimana?"

"Sikumwazima mtu! Yule ni mimi!"

Watu wakaitazama picha, wakamtazama yeye, wakairudia picha. Kisha kinyozi akashindwa kujizuia, na kicheko chake kikawabeba wengine wote. Wenye mbavu walizishika. Binti akafunika uso kwa viganja.

"Walitaka picha ya huzuni, baba," akasema. "Baba mdogo hana. Picha zake zote anacheka. Nikatuma ile. Si mnafanana?"

Kwenye televisheni mtu akageuka, akajiona, akalia. Nchi nzima ilikuwa inamtazama Mdogo. Ndani ya sebule ile walikuwa wanamtazama Mkubwa.

Kuanzia hapo jina lake likafutika. Watoto waliopita karakana waliita, "Kabla! Habari za kazi, Kabla!" na Mdogo wakamwita Baada. Wateja wakaongezeka, kweli, lakini waliingia wakipepesa macho. "Yule wa kwenye televisheni yupo?" Mkubwa akisema aliyekata kitambaa ni yeye, walitabasamu kwa adabu na kusubiri. Bibi mmoja alimshika mkono na kumwambia kwa uchungu, "Na wewe usikate tamaa, mwanangu. Watakuita tu." Akamshukuru. Kisha akaenda nyuma ya rundo la sponji, akalipiga teke.

Roho ilimuuma kwa mambo madogo zaidi kuliko makubwa. Ilimuuma Mdogo alipokunja koti lake lile na kulitundika kwenye msumari kwa vidole viwili. Ilimuuma binti alipomwomba baba mdogo amsindikize kwenye mahafali ya shule, "na baba pia, kama ana nafasi." Zaidi ya yote ilimuuma mezani. Mkewe alikuwa akimpakulia Mdogo na kusema, "Shemeji, rangi hiyo imekukaa," kwa sauti fulani laini, ya chini, isiyofika hata chumba cha pili. Mkubwa aliijua sauti hiyo. Zamani ilikuwa yake. Usiku na mchana alijiuliza imehama lini bila kuaga.

"Uso si ule ule?" alimuuliza siku moja, wamebaki wawili.

"Uso gani?"

"Wangu na wake."

"Ule ule," mkewe akasema, akiendelea kukunja nguo. "Ila yeye anaubeba."

Kwa siku kadhaa akajaribu kuubeba. Alitembea kidevu kimeinuka, akajikwaa kwenye ngazi ya karakana. Mwishowe akapiga moyo konde, akaingia kwa kinyozi mchana wakati hakuna foleni.

"Nikunyoe vipi, Kabla?"

Akatazama sakafu. "Kama yule."

Kinyozi hakucheka, na hilo lilimtia aibu kuliko kama angecheka. Akachonga, akapunguza, akapangusa. Shati la Mkubwa lilikuwa limejaa gundi, ndiyo maana alipotoka kazini alikuwa amelichukua koti la Mdogo pale kwenye msumari, kujaribu tu. Miwani ilikuwa mfukoni. Akaivaa, kujaribu tu. Akatazama kioo. Mtu aliyemwona mle hakuwa amejikatia tamaa hata kidogo. Alilipa, akatoka, na kwa bahati mbaya, au tuseme kwa makusudi aliyoyaita bahati mbaya, akasahau kuivua.

Mkewe alikuwa uani anaanika nguo. Mkubwa akasimama kwenye mlango wa nyuma, mwanga uko mgongoni kwake.

"Ah, shemeji! Umewahi leo," mkewe akasema. Ilikuwa ile sauti. "Karibu, karibu ndani. Usikae hapo, mguu wa kiti hicho umelegea, kaka yako kila siku anasema atautengeneza."

Alipaswa kusema neno hapo. Hakusema. Alikaa mahali alipoonyeshwa, na mkewe akamletea chai kwenye kikombe chenye ukingo wa dhahabu, ambacho Mkubwa alikuwa amesikia tu kwamba ni cha wageni. Akanywa. Ilikuwa tamu. Kila funda lilimwongezea wivu: anahudumiwa vizuri, na anamchukia anayehudumiwa.

"Afadhali umekuja peke yako," mkewe akasema, akikaa mbele yake na kujifuta mikono. "Nataka tuzungumze habari za kaka yako. Tangu ile televisheni, hakaliki naye. Hasemi. Ukimuuliza anaguna. Chakula anakitazama kama kimemtukana."

Mkubwa akaitikia kwa kichwa.

"Na akilala ndiyo balaa. Anakoroma kama mashine ya kusaga."

"Mimi sikoromi!"

Mkewe akanyoosha mkono, akaivua ile miwani usoni mwake, akamtazama macho, kisha pengo la jino. Rangi ya uso wake ikabadilika.

"Hivi wewe," akasema, na sauti ilikuwa imerudi kuwa ya chekechea nzima, "umekuja kunitegea mtego ndani ya nyumba yangu?"

"Sikutega. Wewe ndiye uliyenikaribisha."

"Na ukakaa! Ukanywa chai!"

"Kumbe kikombe hiki kipo," Mkubwa akasema. "Miaka yote hii kikombe kipo, na sauti ile ipo. Niambie basi. Umempendea nini? Ndevu? Ndevu ninazo. Tazama, nimechongwa kama yeye. Sasa nizungumzishe vile."

Mkewe akajibu bila kupiga kelele.

"Mdogo akinywa chai anasema ahsante. Alikuwa anasema hata alipokuwa na ndevu kama fagio. Kila siku, kwenye meza hiyohiyo uliyokaa wewe. Hukuwa unasikia?"

Mkubwa akakizungusha kikombe juu ya meza.

"Nilimjazia yale maombi kwa sababu nilimhurumia. Wewe sikukuhurumia kwa sababu niko nawe. Ila picha ile..." akasita. "Binti aliponionyesha, nilijua ni yako. Nilisema tuma. Nilitaka mtu mwingine akuone ninavyokuona nikikufungulia mlango jioni."

Akainuka, akarudi kwenye nguo zake. Mkubwa akabaki na kikombe. Baadaye alikiosha mwenyewe, kwa uangalifu mno, akakirudisha kabatini, na hakusema ahsante kwa sababu hakujua aanzie wapi.

Kwa hiyo mkewe alijua. Binti alijua. Alibaki mtu mmoja wa kuulizwa, naye akamuuliza mahali pabaya kuliko pote.

Walikuwa wanapeleka kochi la watu watatu ghorofa ya tatu, kwa mama mmoja mstaafu. Ngazi zilikuwa nyembamba. Mdogo alikuwa juu, amelishika akipanda kinyumenyume. Mkubwa alikuwa chini na uzito wote kifuani. Kwenye kona ya pili kochi likakwama, mguu mmoja umeingia kwenye chuma cha kujishikia.

"Inua kwako," Mkubwa akasema.

"Nimeinua. Wewe ndiye umeshusha."

"Shikilia basi." Akavuta pumzi. "Ile picha. Ulijua ni yangu?"

"Kaka, si hapa."

"Hapa hapa."

Mdogo hakuonekana, ila vidole vyake tu, vyeupe kwa kubana. "Nilijua. Mtaalamu alinionyesha kabla ya kurekodi. Akaniuliza, unamwonaje mtu huyu? Nikasema namwonea huruma."

"Ungeweza kuwaambia ni mimi."

"Ningeweza."

"Mbona hukusema?"

Mbao za kochi zikalia. "Nilifurahi," Mdogo akasema. "Kaka, mimi nakula kwako kila jioni. Nasikia shemeji anakugombeza kwa kuchelewa. Nasikia binti anakuita, baba hiki, baba kile. Halafu narudi kulala na sponji. Sura moja, kaka. Tuna sura moja, na aliyepewa kila kitu ni wewe, na bado unanuna. Siku ile nikaona kuna kitu kimoja nimekuzidi. Nikanyamaza. Kwa mara ya kwanza nilikuwa mzuri kuliko wewe."

Mkubwa alitamani kumrukia, lakini mikono yote ilikuwa na kazi. Akawaza kuliachia kochi, akakumbuka kwamba aliye chini ni yeye.

"Na mke wangu?" akauliza. "Unamtazama?"

"Kila siku. Nikimtazama namkumbuka wangu. Kwa hiyo namtazama mara moja, halafu naangalia sahani."

Jasho lilimwingia Mkubwa machoni. Angalau alijiambia ni jasho. Wivu aliokuwa ameubeba peke yake kwa wiki zote zile, kumbe mwenzake alikuwa ameubeba miaka, tena akicheka.

Sauti ya mama mwenye kochi ikatoka juu. "Vipi huko? Limekwama?"

"Linakuja, mama!" wakajibu wote wawili kwa pamoja, kwa sauti moja.

Wakalisimamisha wima, Mkubwa akauchomoa mguu kwenye chuma, na kochi likageuka kona. Walipoliweka chini sebuleni, yule mama akawaletea maji, akawa anawatazama mmoja baada ya mwingine. Wote walikuwa wamenyolewa vilevile, wote wamelowa.

"Wanasema mmoja wenu alitoka kwenye televisheni. Ni yupi?"

"Sote, mama," Mdogo akasema. "Mwanzo ni yeye, mwisho ni mimi."

"Na hata soda sikupewa," Mkubwa akasema.

Mama yule alicheka mpaka akakalia kochi lake jipya. Mdogo akacheka. Mkubwa hakucheka, lakini aliporudisha glasi alisema ahsante, na ilimtoka bila kutafutwa.

Nisingesema waliyamaliza pale. Jina la Kabla lilidumu, na kila mteja alipoingia akipepesa macho, kitu kilimchoma kidogo. Ndevu za Mkubwa zilirudi baada ya mwezi kwa uvivu uleule. Mkewe hakumkumbusha kinyozi. Mkubwa alipomwambia ahsante mara ya kwanza mezani, mkewe alimuuliza kama anaumwa. Kikombe chenye ukingo wa dhahabu kilibaki cha wageni.

Mdogo ndiye aliyebadilisha njia. Mhudumu wa duka la dawa, mwanamke mpole aliyewahi kumwona kwenye kipindi, alianza kupita karakana kuulizia bei za viti ambavyo hakununua. Baada ya miezi michache Mdogo akahama kichumba cha sponji. Jioni akaanza kula kwa mwanamke huyo.

Hapo ndipo Mkubwa aliposhikwa na wivu ambao hakuutarajia kabisa. Hakumwonea Mdogo. Alimwonea yule mwanamke. Alikaa mezani, akatazama kiti kitupu upande wa pili, akasukuma chakula huku na huku.

"Sijui leo anakula nini huko," akasema.

"Kamuulize," mkewe akasema.

"Atafikiri namfuatafuata."

"Si unamfuatafuata?"

Mkubwa akanuna kidogo, kwa mazoea. Kisha akamalizia maji yake, akamshukuru mkewe, akavaa viatu, akaenda.